Chunusi, Majipu, Mba na Ngozi Inayobana: Kwanza Jua Mafuta Yamekwenda Wapi

Anayeingia kwa kemisti Kisumu au Nakuru na tatizo la ngozi mara nyingi hutoka na kitu cha kusugulia au cha kuunguza: sabuni kali zaidi, maji ya dawa, krimu ya mrija isiyo na maelezo. Wiki mbili baadaye ngozi iko vibaya kuliko mwanzo. Hii hutokea kwa sababu mafuta ya ngozi huchukuliwa kuwa uchafu, ilhali ni sehemu ya kinga ya mwili. Kwa kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni lile lile: mafuta yamepungua, yamekwama, au yamekuwa chakula cha kijidudu kisichofaa?

Kazi ya tezi za mafuta

Tezi za mafuta zimeshikana na shimo la unywele, chini kidogo ya ngozi ya juu. Seli zake hujijaza mafuta mpaka zinapasuka, na kilichomo hupanda kando ya unywele hadi nje. Mafuta hayo huitwa sebamu. Usoni na kichwani tezi zimesongamana, 400 hadi 900 katika kila sentimita moja ya mraba. Chini ya goti ni chache, na viganjani na nyayoni hakuna hata moja. Ndiyo maana miundi hupauka mapema na visigino hupasuka kabla ya sehemu nyingine.

Sebamu hulinda kwa njia kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Bakteria wakaazi wa ngozi, hasa Cutibacterium acnes, huvunja mafuta hayo na kutoa asidi. Asidi hizo, pamoja na za jasho na za seli za ngozi yenyewe, huweka pH ya ngozi (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kubwa) kati ya 4.5 na 5.5. Staphylococcus aureus, bakteria mkuu wa majipu, hustawi zaidi pH inapokaribia 7, kwa hiyo ngozi yenye asidi humnyima nafasi. Kisha kuna asidi ya sapieniki, ambayo ni ya pekee katika sebamu ya binadamu na huwaua hao hao Staphylococcus. Tezi pia hutengeneza protini ndogo, zikiwemo kathelisidini na defensini, ambazo hutoboa utando wa bakteria mpaka yaliyomo yanavuja. Mwaka 2019 watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba protini nyingine, ambayo kwa binadamu ni resistini, huua bakteria wa ngozi, na kwamba panya walionyimwa vitamini A waliikosa. Tutarudi kwenye vitamini A mwishoni, maana ina uzito wake kwa watoto.

Pima kabla ya kununua

Jioni, joto likishapungua, osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuogea. Kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Usipake kitu chochote, subiri saa mbili. Chukua tishu, itenganishe ubaki na tabaka moja, uibonyeze kwenye paji la uso kwa sekunde 15. Fanya hivyo puani, kidevuni na shavuni, kila mahali na kipande chake, kisha uinue kila kipande mbele ya balbu. Doa linalopitisha mwanga ni mafuta.

Kisumu jasho linaweza kukudanganya, kwa hiyo weka vipande mezani dakika kumi. Doa la jasho hukauka na kutoweka, la mafuta hubaki. Madoa yakiwa ya paji na pua tu, mashavu yakiwa makavu, hiyo ni hali ya kawaida ya watu wengi. Kusipokuwa na doa hata la puani, unaosha kupita kiasi au ngozi yako ni kavu kwa asili. Madoa yakijaa kila kipande na vipele vipo, mafuta yanatoka sawasawa lakini mlango wake umeziba.

Dalili: ngozi inabana baada ya kuoga, inapauka, inawasha, inachanika

Hapa mafuta yameondolewa haraka kuliko tezi zinavyoweza kuyarudisha. Mshukiwa wa kwanza ni sabuni ya mche ya kufulia inayotumiwa kuogea, na sabuni nyingi za vipande, kwa kuwa pH yake ni 9 hadi 10. Ukijipaka mwili mzima, pH ya ngozi hupanda na huchukua saa kadhaa kushuka tena. Anayefanya hivyo asubuhi na jioni haipi ngozi muda wa kujirudi. Ongeza maji ya moto na jiwe la kusugulia, na hakuna tezi itakayoweza kushindana na hayo.

Mahali unapokaa pia pana neno. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo mkavu wa Januari na Februari hunyonya unyevu wa ngozi mchana kutwa. Kisumu, kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, unyevu wa hewa huficha tatizo: ngozi inang'aa kwa jasho huku mafuta yake yameisha, na mtu hushangaa kwa nini anawashwa.

Hatua za kurekebisha ni hizi. Sabuni ibaki kwapani, kinenani, viganjani na nyayoni. Mikono, tumbo, mapaja na miundi maji yanatosha, isipokuwa siku ambayo vumbi au tope linaonekana kwa macho. Maji yawe ya joto ambalo kifundo cha mkono kinavumilia bila kushtuka, na kuoga kusizidi dakika kumi. Ukitoka, bonyeza taulo, kisha paka mafuta ndani ya dakika tatu ngozi ingali na unyevu. Jeli ya petroli kiasi cha kijiko kimoja cha chai inatosha miguu yote miwili. Jeli haiui bakteria, wala haiingii kuwa sebamu. Inaziba tu ili maji yasitoke, na ndiyo maana kuipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka kabisa hakusaidii sana. Ipe wiki mbili kabla ya kuamua kama imefaa.

Kosa la kawaida hapa ni kubadili na kutumia sabuni ya kuua vijidudu kwa sababu ngozi inawasha. Sabuni hiyo huwaondoa pia bakteria wakaazi wanaotengeneza asidi, na nafasi iliyoachwa huchukuliwa na wageni. Wenye ukurutu ndio huumia zaidi, kwani ngozi yao ina asidi ya sapieniki kidogo tangu mwanzo na Staphylococcus aureus hujaa juu yake. Ukurutu ukianza kutoa maji na kufanya ukoko wa rangi ya asali, bakteria wamekwisha kuingia. Hapo mafuta ya kupaka hayatoshi, nenda kliniki.

Dalili: chunusi usoni, kifuani, mgongoni

Wakati wa kubalehe homoni hukuza tezi na sebamu huongezeka. Hilo peke yake halileti chunusi. Tatizo huanza seli zilizokufa zinaponata kwenye mdomo wa shimo la unywele na kuuziba. Mafuta hujaa nyuma yake, Cutibacterium acnes aliyekuwa mkaazi mwema huzaliana humo ndani, mwili unatuma askari wake, na panavimba. Kidoa cheusi puani si uchafu. Ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyogeuka kwa kukutana na hewa, ndiyo maana kusugua hakukitoi.

Tofautisha pia chunusi na nyuzi za mafuta. Ukibinya pua na kutoka kitu chembamba, laini, cheupe kama uzi, hiyo ni sebamu ikipita njia yake ya kawaida, na itajaa tena ndani ya mwezi mmoja. Wanaobinya kila siku mbele ya kioo wanatoboa ngozi nzima bila sababu.

Kabla ya dawa, tazama chunusi zimekaa wapi, maana mahali penyewe hutaja chanzo. Zikifuata mstari wa nywele kwenye paji la uso, ni mafuta mazito ya nywele. Yahamishe yawe ya ncha za nywele, na ufue kitambaa cha kulalia kila wiki. Zikiwa pale mkanda na sifongo ya helmeti vinapogusa, anayepanda boda boda avae kitambaa cha pamba ndani na akifue kila siku, kwa sababu ile sifongo hubeba mafuta na jasho la abiria wengi. Vidoa vyeusi na vipele vikiwa kwenye mapaja na mikono ya fundi wa magari, ni oili ya injini inayokaa kwenye ovaroli siku nzima na kuziba vinyweleo. Ovaroli ifuliwe, isivaliwe wiki nzima ikiwa imelowa.

Fundi huyo asinawe kwa petroli. Petroli huyeyusha oili, ndiyo, na huyeyusha mafuta ya ngozi pia, kisha mikono inapasuka na kila mkwaruzo unaota usaha. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinafanya kazi hiyo vizuri: kisugue kwenye mikono mikavu kwa dakika moja hadi weusi uachie, pangusa kwa kitambaa, halafu nawa kwa sabuni ya kuogea. Mafuta huyeyusha mafuta, na haya hayaiunguzi ngozi.

Dawa yenyewe: osha uso mara mbili kwa siku, si zaidi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 ndiyo ya kuanzia. Chukua kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, paka eneo zima na si kipele kimoja kimoja, usiku mmoja ndiyo na mmoja hapana kwa wiki mbili za kwanza. Faida yake kubwa ni kwamba bakteria hawajifunzi kuistahimili. Hasara yake ni kuchujua rangi ya taulo na shuka, basi tumia nyeupe. Usipoona nafuu kwa siku kumi usiitupe, matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Adapaleni ya asilimia 0.1 usiku husaidia kufungua vinyweleo, lakini mjamzito asiitumie.

Acha kabisa ndimu, dawa ya meno na krimu za kuchanganyiwa dukani. Hizo krimu ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika mada hii. Nyingi hutiwa klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Siku chache za kwanza uso hung'aa na vipele hulala, na mtu husifu. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, vipele vinarudi vyote vikiwa na ukubwa mmoja, na kila ukiacha vinalipuka. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi Kenya, ila bado huuzwa kimyakimya. Aliyetumia steroidi usoni kwa miezi asiache ghafla peke yake. Amwone daktari wa ngozi ampangie namna ya kupunguza.

Dalili: vipele nyuma ya shingo na kidevuni baada ya kunyolewa

Nywele iliyojikunja ikikatwa chini ya ngozi hurudi ndani kama ndoana, na shimo lililokuwa likitoa mafuta huziba. Mwambie kinyozi aache milimita moja, asivute ngozi, na asipitishe mashine mara mbili mahali pamoja. Kisanduku chenye taa ya buluu hakisafishi wembe wenye nywele na mafuta juu yake, kwa sababu mwanga haupenyi. Kwanza brashi, kisha spiriti iachwe ikauke, ndipo mashine ikuguse. Vipele vya kisogoni vikianza kuwa vigumu kama mbegu, acha kunyoa hapo miezi kadhaa na utafute daktari mapema, kabla havijawa makovu makubwa.

Dalili: majipu yanayorudi

Watu husema damu ni chafu, na wanakunywa dawa za kusafisha damu. Damu haina kosa hapa. Bakteria ameingia kupitia shimo la unywele lililokwaruzwa, na mara nyingi makao yake ni ndani ya pua ya mgonjwa mwenyewe au taulo analoshiriki na ndugu zake.

Loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika, kiweke juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Likipasuka lenyewe, lifunike, na nawa mikono. Usibinye. Kila mtu awe na taulo na wembe wake. Taulo, shuka na chupi za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Jipu kubwa lenye usaha linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya, na vidonge peke yake haviufikii usaha uliojifungia. Yakirudi zaidi ya mara mbili, pima sukari ya damu, halafu uliza kuhusu dawa ya kupaka puani. Mupirosini ya asilimia 2, mara mbili kwa siku kwa siku tano, hutumika kuwatoa bakteria hao, kwa maelekezo ya daktari.

Jipu lililo kati ya mdomo na pua lisiguswe hata kidogo, kwa kuwa mishipa ya hapo huelekea ndani ya fuvu. Homa, jicho kuvimba au mstari mwekundu unaotambaa kutoka kwenye jipu ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Dalili: mba, maganda ya manjano yenye mafuta, wekundu kando ya pua na nyusi

Hapa mafuta yamekuwa chakula. Malassezia ni fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na hula sebamu. Anachobakiza ni asidi ya oleiki, ambayo kwa watu wengine huchoma ngozi na kuifanya ibambuke. Kumbe basi kupaka mafuta ya nazi au ya zeituni kichwani kwa sababu kichwa kinaonekana kikavu ni kumwongezea chakula. Maganda hulainika siku mbili, kisha yanaongezeka.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: gawanya nywele, ifikishe kwenye ngozi yenyewe, iache dakika tano, suuza. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Nywele zetu za asili hukauka upesi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inakubalika kwa mwenye nywele ndefu au zilizosukwa, na ncha zipakwe mafuta baadaye. Ukishapona, rudia mara moja kila wiki mbili, maana fangasi huyu haondoki, anapunguzwa tu. Usishone wigi juu ya mba ambayo haijatibiwa.

Maganda yakilipuka ghafla kwa mtu mzima, yakashika uso, kifua na nyuma ya masikio kwa wakati mmoja, apime VVU. Wapo wanaogundua hali yao kupitia ngozi, na kuanza dawa mapema hutuliza ngozi pamoja na mengine yote.

Dalili kwa watoto

Mtoto huzaliwa amefunikwa na utando mweupe wenye mafuta, uliotokana kwa sehemu na tezi zake. Utando huo una protini za kuua bakteria. Usikimbilie kumwogesha, Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau saa 24. Mpanguse damu, mkaushe, mlaze kifuani pa mama.

Baada ya miezi ya kwanza tezi hulala hadi karibu na kubalehe, na ngozi ya mtoto hukaa bila ulinzi wa sebamu kwa miaka. Hiyo ni sababu mojawapo ya mashilingi (mabaka ya fangasi) kushika vichwa vya wanafunzi wa shule za msingi na kuwa nadra kwa watu wazima. Krimu haiponyi mashilingi ya kichwani kwa sababu fangasi yuko ndani ya unywele. Inahitajika dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini wiki sita hadi nane, ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie mwilini. Akikatishwa wiki ya tatu kwa kuwa nywele zimeanza kuota, mashilingi hurudi.

Vipele vikavu, vigumu, vinavyokwaruza kama ngozi ya chura kwenye viwiko na mapaja vinaweza kutokana na utapiamlo, ukiwemo upungufu wa vitamini A: mashimo ya nywele yamejaa ganda na tezi hazifanyi kazi. Kenya watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini hiyo kliniki kila miezi sita, uniti 100,000 kabla ya mwaka mmoja na 200,000 baada ya hapo. Angalia kwenye kitabu chake kama amepata. Nyumbani, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinavyolimwa Busia na Homa Bay, papai, managu, saga na majani ya kunde vinatosha, mradi mboga zipikwe na kijiko cha mafuta, kwa kuwa bila mafuta vitamini hiyo hupita tumboni bila kufyonzwa vizuri. Usimnunulie vidonge vya vitamini A juu ya dozi ya kliniki, vikizidi ni sumu kwa ini. Na ikiwa mwenye vipele hivyo anajikwaa giza linapoingia au anashindwa kuona sahani yake jioni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje viazi vifanye kazi.